Kioo Kikiganda, Namba Unayoisoma ni ya Saa Ngapi?

Umefunga Arduino Uno na kihisi cha kupima kina cha maji, ukaweka na kioo kidogo cha kuonyesha namba. Nyumbani kilifanya kazi safi. Umekipeleka kwenye duara la wachimbaji wadogo, tuseme Nyarugusu au Rwamgasa huko Geita, kioo kimegoma. Kabla hujapanda bodaboda kwenda Katoro kutafuta kingine, angalia kwanza kimegoma vipi. Kioo kisichoonyesha kitu kinakusumbua tu, lakini angalau unajua huna kipimo. Kioo kilichoganda kinaendelea kuandika "sentimita 40" huku maji yakiwafika kiunoni walioko chini.

Tuanze na kisichoonyesha kitu, maana ndicho rahisi.

Kama ni kile cha herufi 16 kwa mistari 2, taa yake inawaka ila huoni herufi, geuza kwa bisibisi kiskrubu kidogo cha bluu kilicho nyuma. Hicho hupunguza na kuongeza weusi wa herufi. Kazi ya sekunde kumi, na kuna vioo vizima kabisa vinatupwa kwa sababu yake. Ukiona mstari wa viboksi vyeusi, habari ni nzuri: umeme unafika, ila programu haijazungumza na kioo. Hapo shuku nyaya au anwani. Kwenye Uno, SDA inakwenda pini A4 na SCL pini A5. Anwani ya vioo hivi mara nyingi ni 0x27 au 0x3F, inategemea chipu iliyobandikwa nyuma. Usikisie, pakia ile programu fupi inayoita anwani zote moja baada ya nyingine, uone ipi inaitika. Isipoitika hata moja, rudi kwenye nyaya.

Vile vioo vidogo vya OLED vina mtego wao. Nyuma pameandikwa 0x78, lakini kwenye programu inatakiwa 0x3C. Ni anwani ileile, imehesabiwa na biti moja ya ziada. Na kama anwani ni sahihi na bado giza, angalia kumbukumbu. Uno ina baiti 2048 tu za kufanyia kazi, na picha ya kioo cha nukta 128 kwa 64 peke yake inakula 1024. Baiti hizo huombwa programu ikishaanza kukimbia, kwa hiyo kompyuta inaweza kukuambia nafasi ipo wakati haitoshi. Yafunge maneno yako ndani ya F() ili yasikae kwenye kumbukumbu hiyo.

Sasa kuganda.

Fanya jaribio hili mezani. Kioo kikiwa kinaonyesha namba, chomoa SDA na SCL, uache nyaya mbili za umeme. Namba haiondoki. Hata bodi ikiacha kufanya kazi, ilimradi umeme unafika kwenye kioo, namba itabaki pale. Hii ni kwa sababu kioo kina kumbukumbu yake chenyewe: kikishaandikiwa kitu kinakishikilia mpaka kiandikiwe kingine. Hakijui kama bodi iko hai. Namba ya saa mbili asubuhi na namba ya sasa hivi zinafanana kabisa kwa macho.

Na kwenye machimbo sababu za kuganda zimejaa tele. Kubwa kuliko zote ni urefu wa waya. Mtu anaacha bodi na kihisi chini, anavuta nyaya za kioo mita 30 hadi juu ili msimamizi asome akiwa kivulini. I2C, njia ambayo kioo na bodi vinatumia kuzungumza, ilibuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1982 ili chipu zilizokaa karibu ndani ya kifaa kimoja ziwasiliane. Kawaida yake inavumilia uwezo wa nyaya kushika chaji usiozidi pikofaradi 400, na waya wa kawaida unafika hapo ndani ya mita chache. Zaidi ya hapo mawimbi yanapoteza umbo. Ongeza mota ya winchi, pampu, na karasha inayonguruma jirani, kila moja ikirusha kelele ya umeme kwenye waya huo mrefu.

Kelele ikiharibu mazungumzo katikati, maktaba ya Wire kwenye Uno inaweza kukaa ikisubiri jibu bila kikomo. Programu yote inasimama hapo. Weka Wire.setWireTimeout(25000, true) baada ya Wire.begin(), ili isubiri maikrosekunde 25000 kisha iachane nalo. Lakini hiyo inaokoa programu tu, waya bado ni mrefu. Dawa ya waya ni kuweka bodi ya pili juu, karibu na kioo, na kuziunganisha bodi mbili kwa RS-485. Chipu mbili za MAX485, moja kila upande, zinatosha, na kwa mwendo wa polepole njia hiyo inavuka mamia ya mita.

Hapa ndipo wengi wanateleza. Wanaweka nukta inayowaka na kuzima pembeni mwa namba, ishara kwamba chombo kiko hai. Wazo zuri, ila nukta ikiendeshwa na saa ya bodi ya juu, itaendelea kuwaka hata waya wa kwenda chini ukikatwa na sururu. Nukta ibadilike pale tu kipimo kipya kinapofika kutoka chini. Kisha iambie bodi ya juu: zikipita sekunde 3 bila kipimo, futa namba, andika vistari viwili. Na bodi ya chini isirudie kutuma kipimo cha zamani pale kihisi kinapokosa mwangwi. Itume alama ya kosa.

Haya ni kwa maji. Kwa oksijeni na moshi wa pampu za petroli, bodi ya kujifunzia haitoshi hata ikiwa na nukta kumi; kule inashuka mita iliyothibitishwa kwa kazi hiyo.

Ukishafunga kila kitu, usisubiri shimoni likufanyie mtihani. Chomoa kihisi, ukirudishe. Kata waya wa kati, uurudishe. Zima bodi ya chini. Zote tatu zilete vistari.