Mpole Husaidia, Mwenye Haraka Hupita

Mwanafunzi wa chuo kikuu akifiwa, iwe Egerton kule Njoro, Kabarak au Laikipia kule Nyahururu, kundi la WhatsApp la darasa huamka. Kiongozi wa darasa hutoa nambari ya M-Pesa, na majina ya waliochanga hupangwa moja chini ya jingine. Wapo wanaotuma papo hapo na kuwahimiza wenzao. Wapo wasioandika neno, lakini jioni huenda kukaa na mfiwa. Wapo pia wanaosoma ujumbe na kuendelea na yao. Ni rahisi kusema kila mmoja ameonyesha hulka yake. Sayansi inakubali, ila kwa kiasi.

Wanasaikolojia wengi hupima haiba kwa sifa tano: uchangamfu, upole, umakini, udadisi na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Upole, yaani kuwahurumia watu na kuelewana nao, ndio unaohusishwa zaidi na kusaidia. Uchangamfu nao hujitokeza kwa wanaojitolea, hasa kazi ikiwa ni ya kukutana na watu.

Lakini mazingira yana nguvu. Mwaka 1973, John Darley na Daniel Batson waliwatuma wanafunzi wa theolojia huko Princeton, Marekani, wakatoe mhadhara. Baadhi wangezungumzia Msamaria Mwema. Njiani palikuwa na mtu amejikunyata mlangoni, akikohoa. Kati ya wasio na haraka, asilimia 63 walimsaidia; kati ya walioharakishwa sana, asilimia 10 tu. Aina ya udini wa mwanafunzi haikutabiri nani angesimama. Ilihusiana na namna waliosimama walivyosaidia.

Wingi wa watu nao hulegeza mkono. Katika jaribio la Darley na Bibb Latané la mwaka 1968, wanafunzi wa New York walidhani wanamsikia mwenzao akishikwa na kifafa. Asilimia 85 ya waliodhani wako peke yao walitoa taarifa kabla sauti ya mgonjwa haijakatika. Waliodhani wapo wengine wanne wanaosikia, asilimia 31. Vipimo vya haiba havikuweza kuwatenganisha wepesi na wazito.

Hata hulka yenyewe hufinyangwa na kazi. Huko Oyugis, nchini Kenya, mtafiti Carol Ember aliona kuwa wavulana wa Kiluo waliopewa kazi za nyumbani zilizohesabiwa kuwa za wasichana walikuwa na ugomvi na ubabe mdogo kuliko wenzao.

Kiongozi wa darasa anaweza kuyatumia matokeo haya leo. Ombi linalotumwa kwa wote humruhusu kila mmoja kudhani mwenzake atalishughulikia. Heri ataje mtu na kazi: mchangamfu akusanye michango, mkimya amnakilie mfiwa masomo aliyokosa, mwingine amsindikize hadi steji. Atume mapema pia, kabla wiki ya mitihani haijawatia wote haraka.