Filta Kwanza, Oili Baadaye

Katika machimbo ya dhahabu kuanzia Kahama hadi Geita, kazi nyingi zilizokuwa za sururu na chepeo sasa zinafanywa na mashine za kuchimbia ziitwazo vijiko. Mgodi mkubwa wa Geita, unaozalisha tangu mwaka 2000, una karakana na ratiba zake za matengenezo. Kijiko cha kukodi kinachomchimbia mchimbaji mdogo, au kupakia mawe ya kupeleka karasha, mara nyingi hutegemea fundi, dumu la oili na kivuli cha mti. Kinapoanza kulegea, ushauri wa kwanza huwa ni kumwaga oili yote ya haidroliki na kuweka mpya. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini umepindua mpangilio. Hitilafu nyingi za mfumo wa haidroliki chanzo chake ni uchafu. Kwa hiyo anayetaka pampu idumu aanze na filta na usafi, ndipo afikirie oili.

Oili ya haidroliki hubeba nguvu kutoka kwenye pampu hadi kwenye jeki za mkono wa kijiko, hulainisha vyuma vinavyosuguana, na huondoa joto. Msukumo wake kwenye kijiko cha kawaida hufika baa 300 na zaidi, yaani zaidi ya mara 100 ya upepo wa tairi la gari dogo. Ili msukumo huo usipotee, vyuma vya ndani ya pampu hukaribiana kwa nafasi ya maikroni chache tu, na maikroni 1,000 ndiyo hufanya milimita moja. Unywele wa binadamu una unene wa maikroni 70 hivi, na jicho haliwezi kuona chembe iliyo chini ya maikroni 40. Ndiyo maana hoja ya “oili bado inang’aa” haina uzito: chembe zinazoila pampu hazionekani. Huku kwetu hali ni mbaya zaidi, kwa sababu vumbi la ule mwamba mweupe unaobeba dhahabu ni gumu kuliko chuma cha kawaida. Huingia kupitia sili zilizochoka za jeki, tundu la kupumulia la tangi, na dumu chafu la kujazia.

Dalili inajulikana na kila opereta. Asubuhi mashine ina nguvu. Ikifika saa sita mchana, mkono unapanda kwa kusuasua. Oili ikipata moto huwa nyepesi, na kama pampu imeshalika, hupenya kwenye mianya badala ya kusukuma jeki. Oili mpya iliyowekwa wakati huo hairudishi chuma kilichokwisha kulika. Filta iliyobadilishwa mapema ingezuia sehemu kubwa ya hasara hiyo. Na filta iliyoziba ni hatari kuliko watu wanavyodhani, kwani filta nyingi zina vali inayofunguka zinapoziba ili mashine isikwame. Kuanzia hapo oili hupita bila kuchujwa, kazi inaendelea, na hakuna anayeshtuka.

Vitabu vya mashine hutofautiana, lakini kwa vijiko vingi filta hubadilishwa kati ya saa 500 na 1,000 za kazi, na oili kati ya saa 2,000 na 5,000. Penye vumbi jingi muda huo hupunguzwa. Kijiko kinachofanya kazi saa 10 kwa siku hufikisha saa 500 ndani ya siku 50, kwa hiyo anayehesabu kwa miezi au kwa rangi ya oili amechelewa bila kujua. Wapo wanaosema filta ni ghali, heri kuiosha kwa petroli na kuipuliza kwa kompresa. Chujio la waya kwenye tangi linaweza kusafishwa hivyo. Filta ya karatasi haiwezi. Upepo wa kompresa huchana matundu yasiyoonekana, na uchafu hubaki ndani ya mikunjo. Filta ya zamani ina faida moja tu: ikatwe, mikunjo ifunguliwe juani. Chembe za rangi ya shaba huashiria pampu inayolika, vipande vya mpira huashiria sili, na mchanga huashiria njia ya vumbi iliyoachwa wazi.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni kwamba bila karakana usafi hauwezekani. Sehemu kubwa ya usafi huo, hata hivyo, haihitaji jengo. Bakuli la kijiko lishushwe chini, mashine izimwe, upepo wa tangi utolewe, na mfuniko wa filta uoshwe kabla ya kufunguliwa. Oili mpya ichujwe inapomiminwa, kwani hata ya pipa lililofungwa haikosi chembe. Pampu itolewe hewa kabla ya kuwasha, maana ikizunguka kavu huungua. Ikumbukwe pia kwamba kumwaga tangi pekee huacha oili nyingi kwenye jeki na mipira. Mvujo usitafutwe kwa kidole, kwa kuwa oili yenye msukumo hutoboa ngozi. Tumia kipande cha ubao. Na oili chafu isimwagwe kwenye korongo: mikondo mingi ya Geita inaelekea Ziwa Victoria.

Kanuni hii inaihusu pia trekta inayolima mashamba ya pamba na mpunga ya Shinyanga, hata mashine ya kukatia nyasi ambayo dereva huketi juu yake, inayoendeshwa kwa haidroliki. Tofauti ni ukubwa tu. Bei ya filta ionekane kubwa au ndogo kwa kulinganishwa na pampu mpya na siku ambazo mashine italala ikisubiri spea. Anayekodi au kununua kijiko asiridhike na rangi mpya wala mngurumo wa injini. Aombe daftari lenye usomaji wa mita ya saa kila filta ilipobadilishwa. Kama halipo, akadirie bei akijua kwamba huenda pampu imekwisha.