Kabla ya Kununua Printa ya Fulana: Hesabu ya Wino, Kitambaa na Mashine

Kwa wakazi wa Runzewe, ambao wengi wamekulia kandokando ya mashamba ya pamba, huenda likawa jambo la kushangaza kwamba ipo kazi ya uchapaji inayoikataa pamba. Kazi hiyo ni ya kuhamishia picha na maandishi kwenye jezi, fulana na vikombe kwa njia ya joto, ambayo mafundi huiita sablimesheni. Fulana za mahafali, jezi za timu za mitaa na vikombe vya zawadi za harusi hutengenezwa kwa njia hii, na si lazima mteja azifuate Kahama au Mwanza iwapo fundi mwenye vifaa sahihi yupo karibu.

Makala haya yameandaliwa kwa ajili ya wale wanaokusudia kuianza kazi hiyo, hususan vikundi vinavyoomba mkopo utokanao na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo hauna riba, lakini unabaki kuwa deni. Printa iliyoharibika mwezi wa pili haisimamishi marejesho ya mwezi wa tatu.

Tuanze na kitambaa, kwa kuwa hapo ndipo fedha nyingi hupotelea. Wino wa sablimesheni huchapwa kwanza kwenye karatasi maalumu, kisha karatasi hulazwa juu ya fulana na kubanwa kwa mashine ya joto, takriban nyuzijoto 200 za Selsiasi kwa muda wa sekunde 45 hadi 60. Kwa joto hilo wino hugeuka kuwa mvuke na kuingia ndani ya nyuzi za poliesta, ambako hubaki hata fulana ikifuliwa mara nyingi. Nyuzi za pamba haziupokei. Mwandishi wa makala haya anayo fulana moja ya pamba aliyochapiwa picha kwa njia hii. Ilipendeza siku mbili, ikafuliwa, na sasa picha yenyewe yahitaji kusimuliwa. Jezi za michezo, ambazo nyingi ni za poliesta, hutoa matokeo mazuri sana. Fulana zenye mchanganyiko huonyesha rangi iliyofifia kwa kadiri pamba inavyozidi. Vikombe navyo vinapaswa kuwa vile vilivyopakwa utando maalumu; kikombe cha kawaida cha dukani hakishiki picha.

Tena, wino huu hauna rangi nyeupe. Kwa hiyo hufaa vitambaa vyeupe au vya rangi hafifu tu. Mteja anayetaka maandishi meupe kwenye fulana nyeusi aelezwe ukweli na kuelekezwa kwa fundi wa njia nyingine. Hali kadhalika, oda ya fulana 300 zenye maandishi ya rangi moja hutoka kwa gharama ndogo zaidi kwa uchapaji wa skrini. Sablimesheni hushinda pale oda inapokuwa ndogo na picha ina rangi nyingi, au kila fulana ina jina lake.

Kuhusu printa, si kila printa ya wino inafaa. Printa nyingi za HP na Canon huupasha wino joto ili kuurusha kwenye karatasi, jambo lisilokubaliana na wino ambao kazi yake yote hutegemea joto. Epson hutumia msukumo badala ya joto, na ndiyo maana mafundi wengi hununua Epson zenye matangi, kama vile L3110 au L3210 za karatasi ya A4, na kuzijaza wino wa sablimesheni tangu siku ya kwanza. Printa inunuliwe ikiwa mpya na matangi yake yakiwa matupu, kwa sababu iliyokwisha kutumia wino wa kawaida hulazimu kusafishwa mirija yote, na mabaki huharibu rangi. Ifahamike pia kwamba ukiijaza wino usio wake, dhamana ya kiwanda huwa mashakani. Ipo Epson SureColor F170 iliyotengenezwa mahsusi kwa kazi hii, nayo ni bora, ila bei yake ni kubwa zaidi. Kwa maoni yetu, kikundi kinachoanza kinatosheka na printa ya matangi ya A4. Printa ya A3 isubiri wateja wa picha kubwa wapatikane kwanza.

Sasa wino. Wengi huulizia chupa ya bei ya chini kabisa, na hapo hesabu huwapiga chenga. Tuchukue bei za mfano, nawe uweke zako: chupa ya mililita 100 kwa shilingi 30,000 ni shilingi 300 kwa mililita, chupa ya shilingi 15,000 ni shilingi 150. Tukikadiria kwamba picha ya A4 iliyojaa rangi hutumia mililita moja, wino wa bei ya chini unaokoa shilingi 150 kwa kila fulana. Fulana tupu ya poliesta tuiweke shilingi 5,000. Fulana moja ikiharibika kwa wino mbaya, imekula akiba ya fulana 33. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si bei ya chupa peke yake, bali pia kama chupa ina tarehe ya kuisha muda, na kama rangi zote nne ni za mtengenezaji mmoja na zitaendelea kupatikana. Kubadilisha wino kila mwezi ni kubadilisha rangi kila mwezi, na timu iliyoagiza jezi za nyongeza haitakubali bluu mbili.

Usishtuke karatasi ikitoka na rangi iliyopauka. Ndivyo wino huu ulivyo kabla ya kupata joto. Karatasi ya kawaida hunywa wino na kuubakiza, hivyo ile maalumu, ingawa ni ghali, hupunguza upotevu.

Umeme si mzigo mkubwa kama wengi wanavyohofu. Mashine bapa ya wati 1,400 ikivuta umeme saa nzima bila kukatika hutumia yuniti 1.4, kwa bei ya shilingi 292 kwa yuniti, kabla ya kodi na tozo, ni takriban shilingi 409, nazo fulana 15 zinaweza kutoka katika saa hiyo. Kikwazo ni umeme kukatika fulana ikiwa katikati ya joto.

Adui mwingine ni kulala kwa printa. Katika kiangazi, vumbi na ukavu huziba matundu ya kichwa, na kila usafishaji humwaga wino kwenye sponji ya ndani ambayo ikijaa printa hugoma. Ifunikwe, na ichape ukurasa mdogo wenye rangi zote walau kila baada ya siku mbili au tatu, oda iwepo isiwepo.

Vikundi vya Runzewe vinavyoandaa andiko la mradi vimwone Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yao kabla ya kulipia kifaa chochote, vikiwa na ankara kifani za wauzaji wawili au zaidi. Katika andiko, mbali na printa na mashine ya joto, iwekwe bajeti ya karatasi, wino wa akiba na fulana kumi za majaribio. Fulana hizo zifuliwe mara tano nyumbani kabla ya kuipokea oda ya kwanza.