Zawadi ya Sentimita 56

Umeshawahi kupewa zawadi nzuri mpaka ukaona aibu kusema haikutoshi? Yangu ilikuwa baiskeli.

Mimi na mume wangu tunaishi London kusini, karibu na Herne Hill. Pale kuna uwanja wa mbio za baiskeli uliojengwa 1891, na Olimpiki ya 1948 ilitumia uwanja huohuo. Kila Jumamosi mume wangu alikuwa huko, mimi nyumbani na vyombo. Siku moja nikamfuata, nikapanda ya kukodi. Basi bwana, nikanasa!

Kwa ambaye hajaiona, baiskeli ya uwanjani haina breki, haina gia za kubadilisha wala friwili. Gurudumu likizunguka, pedali nazo zinazunguka. Ukitaka kupunguza mwendo, unazuia kwa miguu. Sasa piga picha chombo kama hicho kisiwe saizi yako.

Siku yangu ya kuzaliwa nikakuta fremu sebuleni imefungwa utepe. Nyekundu, jamani! Saizi 56, sawa na yake. "Nimekuchukulia kama yangu, bibie, tufanane." Yeye ni mrefu karibu futi sita, mimi hata nikivaa visigino namfikia begani. Nikamkumbatia, nikanyamaza.

Nilinyamaza miezi mitatu. Shingo iliuma, mikono ikafa ganzi kwa kuufuata usukani ulio mbali, na nikisimama kwenye taa bomba la juu linanigusa pasipotajika. Nikaanza visingizio: leo kichwa, leo nasubiri simu ya mama. Naye akaanza kuhesabu hizo Jumamosi. Usiku mmoja akaniuliza taratibu, "Kuna mtu?" Mh! Nikalia. Nikamwambia hakuna mtu, kuna sentimita sita za ziada.

Kipimo kinaanzia miguuni

Kesho yake tulipimana. Simama ukutani bila viatu, bana kitabu kati ya mapaja kama unavyokalia kiti cha baiskeli, kisha mwenzio apime kutoka sakafuni hadi juu ya kitabu. Zidisha kwa 0.67. Hiyo ni hesabu ya zamani ya waendesha baiskeli, na jibu lake ni urefu wa bomba la kiti, kuanzia katikati ya ekseli ya pedali hadi juu ya bomba. Mume wangu alipata 84, sawa na fremu ya 56. Mimi 75, yaani 50. Yeye hakukosea saizi yake, alikosea mtu.

Hesabu hiyo ni mwanzo tu. Kiti unaweza kukipandisha ukitaka, ila bomba la juu halifupishwi. Likiwa refu mno, utalala juu ya baiskeli kama nguo kwenye kamba. Na fremu ndogo nayo ina mtego wake: ukikata kona polepole, kidole cha mguu kinaweza kugusa tairi la mbele, na huwezi kusimamisha pedali. Jaribu kona hiyo ukiwa na viatu vyako kabla ya kulipa.

Kosa lililofuata lilikuwa langu

Tuliuza ile nyekundu, tukapata ya 50. Nikataka niende nayo hata kazini, kwa hiyo nikafunga matairi ya 28, yale manene yanayopoza mashimo ya barabarani. Sikumwuliza mtu. Uwanjani kuna sakafu laini isiyo na tope, ndiyo maana fremu nyingi za aina hii, hasa za zamani, zimebanwa kwa tairi la 23. Langu liliingia, lakini unywele tu ndio ungepita. Siku ya mvua vijiwe vikakwama, vikala rangi ya fremu hadi kwenye chuma. Mume wangu akacheka: "Na wewe hukupima!"

Kwa hiyo, kabla hujatoa pesa:

- Usiamini namba ya tairi peke yake. Tairi la 25 kwenye rimu pana linaweza kufika 27. Lijaze upepo ndipo upime.
- Angalia sehemu tatu: chini ya kichwa cha uma wa mbele, kati ya mabomba ya nyuma yanayokumbatia gurudumu, na nyuma ya bomba la kiti. Mimi siendi chini ya milimita 4 kila upande, maana rimu hupinda.
- Ekseli ya nyuma huteleza mbele na nyuma kwenye mpasuo wake. Ukikata inchi moja ya mnyororo, gurudumu linasogea mbele kama nusu inchi. Ukibadilisha gia, pima nafasi upya.
- Kama utatoka barabarani, hakikisha uma una tundu la breki. Sheria ya Uingereza inataka breki ya mbele hata kama huna friwili, na breki yenyewe hula nafasi ya tairi.

Siku hizi natumia 25, na Jumamosi tunatoka pamoja. Mwezi uliopita alitaka kuninunulia viatu vya kuendeshea. Alikuja na karatasi na penseli, akapiga magoti, akachora nyayo zangu zote mbili. Maua nimeshapewa mengi, lakini ile karatasi ndiyo niliyoihifadhi.