Istilahi za Kompyuta ya Sebuleni: Mfano wa Tunduma

Kazi ya kuunda istilahi haimalizikii katika chumba cha kamati. Istilahi hupimwa pale itumikapo: kinywani mwa fundi, katika daftari la mwanafunzi na juu ya hati ya serikali. Katika makala haya tunakusudia kulieleza jambo hilo kwa mfano wa kazi moja, nayo ni kuunda kompyuta ndogo isiyo na kelele, ya kuonyeshea filamu nyumbani, kwa vipuri vya kompyuta zilizokwisha kutumika.

Tumeuchagua mji wa Tunduma kuwa mahali pa mfano wetu kwa sababu maalumu. Mji huo umo katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, nao unapakana na Nakonde ya Zambia. Barabara kuu ya kwenda Zambia hupita hapo, na reli ya TAZARA kadhalika. Mwaka 2019 ulizinduliwa utaratibu wa maofisa wa nchi hizi mbili kuhudumia mpaka kwa pamoja. Mahali pa namna hiyo bidhaa haivuki peke yake. Huvuka pamoja na jina lake, na jina hilo hapana budi liandikwe.

Na tuanze na jina la chombo chenyewe. Kiingereza hukitaja kwa maneno yenye maana ya thieta ya nyumbani. Mfasiri afuataye neno kwa neno atatuletea "ukumbi wa michezo wa nyumbani", na msomaji atatazamia jukwaa na waigizaji. Sokoni nako, "hom thieta" ni jina la seti ya spika. Sisi twaonelea kwamba "kompyuta ya sebuleni" latosha. Sebule inajulikana na kila mtu, na ndiko runinga ikaako.

Pili, tulitazame neno "sipiyu". Mafundi na makarani wengi huliita hivyo kasha zima la kompyuta pamoja na vyote vilivyomo. Vitabu vya mafunzo hulitumia kwa kidude kimoja tu kilicho ndani, kile kifanyacho hesabu na kutekeleza amri. Tuseme ofisi imeandika hati ya kuagiza sipiyu kumi. Muuzaji aweza kuleta makasha kumi, au vidude kumi vinavyoenea katika kiganja kimoja, na kila upande ukadai kuwa umetimiza mkataba. Forodhani tatizo ni zito zaidi. Katika mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa, ambao ndio msingi wa ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, kompyuta imo katika kifungu 8471, vipuri vyake vingi vimo katika 8473, na kidude hicho kimo katika 8542. Neno moja lisiloeleweka laweza kumpeleka mtu katika kifungu kisicho chake.

Kwa hiyo twapendekeza kidude hicho kiitwe "kichakataji". Kitenzi "kuchakata" si kigeni, kwani wakulima wa mkonge wanakijua tangu zamani: jani huingia mashineni likiwa zima, likatoka likiwa nyuzi. Ganda tupu na liitwe "kasha". Kasha lenye vyote ndani yake liandikwe waziwazi "kompyuta isiyo na skrini".

Tatu ni suala la kelele, na hapa Kiswahili kina utajiri ambao haujatumiwa vya kutosha. Kompyuta iliyozeeka hutoa sauti za aina tatu, na kila moja ina jina lake na dawa yake.

(a) Mvumo ni sauti ya hewa isukumwayo na feni. Feni yenye upana wa sentimita 12 husukuma hewa ileile kwa mizunguko michache kuliko ya sentimita 8, hivyo huvuma kidogo. Aidha, kichakataji hukaa chini ya kipande cha chuma chenye mapezi, na kati yao hupakwa uji mzito wa kupitisha joto. Uji huo ukikauka, joto hupanda na feni hukimbia. Dawa ni kuufuta na kupaka mwingine. Kipande hicho mafundi hukiita "hitisinki". Wako wanaokifasiri "sinki la joto", ilhali sinki kwetu ni la kuoshea vyombo. "Kipozajoto" laonyesha kazi yake bila maelezo.

(b) Mtetemo hutokana na diski yenye sahani zizungukazo, aghalabu mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Diski hulitikisa kasha, nalo huikuza sauti hiyo. Vipande vya mpira kati ya diski na kasha hupunguza mtetemo. Dawa kamili ni diski ya aina mpya isiyo na kitu kiendacho ndani yake. Wengine hupenda kuiita "diski mango", kwa kufuata Kiingereza. Lakini diski ya zamani nayo ni mango! Tofauti ni kwamba moja huzunguka na nyingine imetulia. Hivyo twapendekeza "diski sahani" na "diski tuli".

(c) Mkwaruzo ni dalili ya beringi ya feni iliyolika. Hapo dawa ni kubadili feni.

Mwalimu awafundishaye wanafunzi maneno haya matatu huwa amewafundisha pia namna ya kuutambua ugonjwa wa mashine kwa sikio.

Nne, kompyuta yaweza kuwa kimya na bado ikashindwa kuonyesha filamu. Filamu huhifadhiwa kwa simbo ili zisichukue nafasi kubwa, na ni lazima zisimbuliwe zinapoonyeshwa. Mtindo wa H.264 ulitolewa mwaka 2003, na ule wa H.265 mwaka 2013. Mashine iliyoundwa kabla ya mtindo wa pili haina saketi za kuusimbua, na picha zake zaweza kurukaruka. Bahati njema, kitenzi "kusimbua" kimekwisha kuingia majumbani. Utangazaji wa analojia ulipoanza kuzimwa Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2012, watu walilazimika kununua kisimbuzi, ambacho wengi hukiita king'amuzi. Maneno hayo mawili yalienea kwa kuwa yalifika pamoja na chombo chenyewe, nayo yalitokana na vitenzi vyenye maana.

Hilo ndilo funzo tunalotaka wafasiri, walimu na watumishi wa serikali walishike. Tusiulize kwanza Kiingereza kinasemaje. Tuulize kitu hiki kinafanya nini, na kinatofautianaje na kilicho jirani yake katika kasha. Wasomaji walio na maneno bora kutoka karakana na forodha za kwao wanaombwa kutuletea, ili yajadiliwe kabla ya kusanifishwa.