Mnunuzi Akinyamaza, Nani Atapiga Kengele?

Msimu wa maembe uliopita tulitembelea kikundi kimoja cha akina mama na vijana. Walikuwa wamepata mnunuzi mzuri, mwenye kiwanda kidogo cha juisi mjini. Mnunuzi alionja maembe, akayapenda, akauliza bei ya kreti 200. Katibu akampa bei. Akasema, "Sawa, tutaongea."

Wiki ya kwanza ikapita, na ya pili ikapita. Mwenyekiti alidhani katibu anafuatilia. Katibu naye alidhani mweka hazina ndiye atapiga simu, maana ndiye mwenye namba. Mweka hazina alidhani mnunuzi amekataa. Wiki ya tano mama mmoja akapiga simu. Mnunuzi akamjibu, "Mimi nilikuwa nangoja mniambie kama mtaleta kwa gari lenu au nije kuchukua. Mlinyamaza, nikanunua kwingine." Wakati huo maembe mengi yalikuwa yameanguka na kuoza chini ya miti. Pesa hizo ndizo zilizotegemewa kwa karo ya Januari.

Katika kikundi hicho hakukuwa na mwizi wala mvivu. Biashara ilikwama tu, na hakuna aliyepewa kazi ya kusema kwamba imekwama.

Makampuni makubwa nayo yana shida hii

Tusidhani ni shida ya kijijini peke yake. Kampuni yenye wauzaji mia moja inaweza kuwa na mazungumzo na wanunuzi maelfu kwa wakati mmoja. Hakuna kichwa kinachoweza kukumbuka yote hayo. Ndiyo sababu ziko programu za kompyuta za kusimamia mauzo. Mojawapo ni Salesforce, ya kampuni iliyoanzishwa San Francisco, Marekani, mwaka 1999. Nyingine ni Pipedrive, iliyoanza nchini Estonia mwaka 2010.

Programu hizi hufanya kazi namna hii. Kila biashara inayozungumzwa huwa na kadi yake. Kadi inaonyesha jina la mnunuzi, kiasi cha pesa, muuzaji anayehusika, na hatua biashara iliyofikia: ameulizia, ameona sampuli, amepewa bei, amekubali, amelipa. Kila anapopigiwa simu au kuandikiwa, tarehe huingizwa. Wakubwa huamua ni siku ngapi biashara inaweza kukaa bila kuguswa. Siku hizo zikipita, kompyuta hutoa tahadhari.

Katika Pipedrive kadi hugeuka nyekundu, na wenyewe husema biashara hiyo "inaoza". Wakulima wa maembe hawahitaji kufafanuliwa neno hilo. Salesforce nayo ina ukurasa ambapo biashara isiyoguswa kwa siku 30 huwekewa alama ya onyo. Tena tahadhari inaweza kutumwa mahali wafanyakazi wanapoandikiana kila siku, kama vile sisi tunavyotumia WhatsApp katika kikundi.

Kengele peke yake haiuzi

Hapa ndipo wengi hukosea. Wananunua programu, wanawasha tahadhari, halafu wanashangaa kwamba mauzo ni yale yale. Tumeona sababu tatu.

Kwanza, kengele zikiwa nyingi hazisikiki. Mbwa anayebweka usiku kucha, hata mwizi akija hakuna anayeamka. Ikiwa kila biashara inapigiwa kengele baada ya siku mbili, watu huzoea na kupita.

Pili, kengele ya wote si ya mtu yeyote. Ujumbe ukitumwa kwa watu 20, kila mmoja hungoja mwenzake ajibu. Tahadhari lazima imwendee mtu mmoja kwa jina. Asipofanya kitu kwa siku zilizokubaliwa, ndipo imwendee mkubwa wake.

Tatu, watu hujifunza kuinyamazisha. Muuzaji anaandika "nimepiga simu, hakushika" kila wiki, kadi inarudi kuwa safi, lakini biashara bado imelala.

Kwa hiyo wanaotumia programu hizi vizuri hawaishii kwenye tahadhari. Wanatoa ripoti ya tahadhari. Ripoti hiyo hujibu maswali manne: Ni biashara ngapi zimekwama, na ni za pesa ngapi? Zimekwama katika hatua gani? Nani alifuata, na lini? Baada ya kufuata, ziliendelea, au zilifungwa?

Swali la hatua lina faida kuliko yote. Tuseme biashara 10 zimekwama, na 7 kati yake zimekwama baada ya mnunuzi kupewa bei. Hapo usimlaumu muuzaji haraka. Pengine bei haisemi nani analipa usafiri, kama ilivyokuwa kwa kikundi chetu cha maembe. Rekebisha hapo, na biashara zote saba zinaweza kuendelea. Biashara moja iliyokwama ni ajali, lakini saba mahali pamoja ni shimo barabarani.

Tena ripoti isitumiwe kuaibisha watu. Anayeaibishwa leo, kesho ataficha.

Daftari linaweza kufanya kazi hiyo

Kikundi chenu hakihitaji kompyuta. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari moja la shilingi chache linatosha. Chora mistari upate nafasi sita:

1. Jina la mnunuzi na namba yake ya simu.
2. Bidhaa, kiasi na bei.
3. Hatua iliyofikiwa.
4. Tarehe ya mwisho mlipoongea naye.
5. Jambo linalofuata, na tarehe yake.
6. Jina la mwanachama mmoja anayehusika.

Kisha kubalianeni siku za kungoja. Bidhaa yenyewe ndiyo itawaambia. Maembe na nyanya hazingoji, kwa hiyo siku tatu zinatosha. Asali na vikapu vinaweza kungoja wiki mbili. Anayehusika aweke ukumbusho katika simu yake. Hata kabambe nyingi zina kengele ya kumwamsha mtu.

Katika kila mkutano, kabla ya kuhesabu akiba, katibu asome majina yaliyopita siku zake. Anayehusika ajibu kwa maneno machache: nilifanya nini, mnunuzi alisema nini, nitafanya nini na lini. Mnunuzi aliyefuatwa mara tatu bila jibu, aulizwe waziwazi, "Je, bado unataka, au tuuzie wengine?" Akisema hapana, pigeni mstari na mwandike sababu. Hapana ya leo ni bora kuliko "tutaongea" ya mwezi mzima, kwa sababu inawapa nafasi ya kutafuta mwingine kabla mzigo haujaharibika.

Mwisho wa msimu hesabuni mistari hiyo. Mtaona wenyewe ni wapi wanunuzi wanawaponyoka.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni mnunuzi gani wetu amenyamaza sasa? Tuliongea naye mwisho lini?
2. Nani kati yetu ana kazi ya kumpigia? Je, yeye mwenyewe anajua?
3. Bidhaa yetu inaweza kungoja siku ngapi?
4. Katika mauzo tuliyokosa mwaka uliopita, tulikwama katika hatua gani zaidi?

Kama mnunuzi wa swali la kwanza yupo, msifunge mkutano kabla mtu mmoja hajatajwa kwa jina, na siku ya kumpigia haijaandikwa.