Swichi Inayosimamika na Swichi Inayosimamiwa

Katika mazungumzo ya kila siku, swichi ni kile kidude cha ukutani cha kuwashia taa. Kwa mafundi wa mitandao ya tarakilishi, neno hilo hilo hurejelea kisanduku chenye matundu mengi, aghalabu 8, 24 au 48, ambamo kebo za tarakilishi, printa na simu za ofisi huchomekwa ili vifaa hivyo viwasiliane. Makala haya yananuia kufafanua aina mbili za swichi hizo na kuonyesha kwa nini mwenye biashara hapaswi kuzichanganya.

Aina ya kwanza haihitaji usimamizi. Ikishapata umeme, hujifunza anwani ya kila kifaa na kupeleka ujumbe kwenye tundu linalofaa, basi. Kwa duka lenye tarakilishi tatu hiyo yatosha. Aina ya pili humwezesha msimamizi kuingia kwa nywila, kutazama tundu lililoelemewa, kulifunga lisilotumika na, muhimu zaidi, kutenga kundi moja la matundu na jingine. Utengano huu hujulikana kama VLAN, na kiwango chake cha 802.1Q kilitolewa na taasisi ya IEEE mwaka 1998. Kisanduku ni kimoja, mitandao ni kadhaa: wahasibu kwao, kamera za ulinzi kwao, wageni kwao. Anayetaka kuvuka hulazimika kupitia kwenye ruta, ambapo anaweza kukataliwa.

Umuhimu wa kutenga huko ulidhihirika Marekani mwaka 2013. Wezi waliiba nywila za mkandarasi wa majokofu wa kampuni ya maduka ya Target, wakaingia nazo mtandaoni, wakasonga hadi kwenye mashine za kulipia na kutwaa data za kadi zipatazo milioni 40. Ripoti iliyoandaliwa kwa kamati ya Seneti mwezi Machi 2014 ilieleza kwamba yaelekea kampuni hiyo haikutenga ipasavyo sehemu nyeti za mtandao wake. Ni vigumu kuamini kuwa kampuni ya ukubwa huo ilikosa vifaa.

Swichi hizi hukinga pia dhidi ya mzunguko. Ncha mbili za kebo moja zikichomekwa katika swichi ile ile, ujumbe unaotumwa kwa wote huzunguka bila kikomo hadi mtandao uzimie. Dawa yake, inayoacha njia zilizo wazi zifanane na matawi ya mti, ilibuniwa na Radia Perlman, ambaye makala yake ya mwaka 1985 yalibeba shairi aliloliita “Algorhyme”. (Wanafasihi tusijidai kuwa ushairi ni wetu peke yetu.)

Sarufi nayo inatufaa hapa. Tafsiri inayokuja haraka ni “swichi inayosimamiwa”, katika kauli ya kutendwa. Lakini kinachouzwa dukani ni swichi inayosimamika, katika kauli ya kutendeka: inaweza kusimamiwa, ila hakuna aliyekwisha kuisimamia. Ikifungwa ofisini na nywila ya kiwandani, matundu yote yakiwa kundi moja, mnunuzi amelipia kutendwa akapewa kutendeka. Kwa maoni yetu istilahi zote mbili zihifadhiwe, na mkataba wa fundi uandikwe kwa ile ya kutendwa: utaje nani atabadilisha nywila, nani atagawa matundu, na nani atakayeitazama swichi hiyo fundi akishaondoka.